Bega la Kulia la Roboti

Sikumpenda mtu yule tangu siku ya kwanza, na sitajifanya leo kwamba nilikuwa na sababu ya maana. Alivua viatu mlangoni kabla ya kuambiwa. Mtu anayevua viatu kabla ya kuambiwa, niliwaza, ameshafika hapa wakati sipo.

Nilikuwa darasa la sita, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mimi na mama tuliishi mtaa wa Amalemba, Kakamega, katika nyumba ya vyumba viwili, na chumba cha mbele kilikuwa kimemezwa na mashine yake ya kufumia sweta za shule. Kwenye pembe iliyobaki ilisimama meza ya baba. Baba alikuwa fundi wa saa na redio hapo mjini, barazani pa duka la vitambaa, na alipokufa tuliihamishia meza nyumbani pamoja na droo zake zote, bisibisi zake na kile kioo chake cha kubana jichoni. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila mimi. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe na kuisimamia kwa ukali.

Jumamosi zangu zote za utoto nilikaa kwenye kibao kando ya meza ile. Baba alinifundisha kushika bisibisi isiteleze, kupanga skurubu kwenye kifuniko cha rangi ya viatu kwa utaratibu zilivyotoka, na kutosema kitu kimeharibikia wapi mpaka nimekifungua chote. Hili la mwisho nililisikia mara nyingi mno hata likawa halinifikii tena. Halafu kulikuwa na alama. Mafundi wa saa wana desturi ya kukwaruza alama ndani ya kitu walichokitengeneza, mahali ambapo mwenye kitu hatazami, ili siku kikirudi fundi ajue kama ni mkono wake au wa mwingine. Ya baba ilikuwa mikwaruzo mitatu inayokutana, mfano wa unyayo wa kuku, na kando yake mwezi na mwaka. Walimu, makarani, hata kasisi mmoja, walizunguka Kakamega na unyayo wa kuku mkononi wasijue. Tuliojua ni sisi wawili, na tulikuwa tukiwacheka.

Muhula wa mwisho wa uhai wake sikuwepo. Nilipelekwa Lugari kwa shangazi, dada yake baba, nikaambiwa baba ana malaria kidogo na nyumba inahitaji utulivu. Kila barua ya mama ilisema anaendelea vizuri. Niliporudi nilikuta watu wamejaa uani na jeneza liko sebuleni. Tangu siku hiyo, mtu mzima akinong'ona, mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

Basi yule mtu. Alikuwa akifundisha mambo ya ng'ombe wa maziwa kule chuo cha kilimo, Bukura, na alianza kufika kwetu Jumamosi na mkebe wa maziwa. Alisema amekuja kupimwa sweta. Mama aliweza kumfumia mtoto asiyemwona, kwa kuambiwa darasa lake tu, lakini kifua cha huyu kilipimwa mara nne. Nilihesabu. Nilikuwa nikikaa kwenye meza ya baba na saa mbovu mbele yangu, kioo jichoni, nikimtazama kwa jicho la pili.

Mara ya tano alikuja na katoni ya viatu. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hii ni yako," akasema. "Iangalie polepole."

Nikasema asante anko, kwa sauti ya mtu aliyesukumwa.

Ndani kulikuwa na lori la kijani lenye kreni mgongoni, karibu urefu wa rula ya shule, na zito kuliko lilivyoonekana. Mtaani kwetu gari la mtoto lilikuwa la waya, magurudumu yake vifuniko vya rangi ya viatu. La sokoni lilikuwa la plastiki na lilivunjika kabla ya kufika nyumbani. Hili lilikuwa kitu kingine kabisa. Lilikuwa roboti. Ulilikunja na kulikunjua, nalo likasimama mtu, na hakuna kipande kilichochomolewa. Kila kimoja kilibaki kimeshikana na mwenzake na kupewa kazi ya pili. Kioo cha dereva kililala juu ya kifua. Magurudumu ya nyuma yalijificha visiginoni. Kreni ilijikunja mara mbili ikawa mkono wa kulia, mzito kuliko wa kushoto.

Nililikagua kama nilivyofundishwa. Kifua kilikuwa cha chuma cha kumiminwa, na asubuhi kilikuwa baridi ukikishika. Magoti yalikuwa na vijino ndani yake, ukiyakunja yanalia tik, tik, na yanasimama palepale ulipoyaacha. Magurudumu yalikuwa ya mpira wa kweli. Skurubu zilizama kwenye vishimo vyake, hakuna iliyochungulia. Nilipitisha ukucha kwenye maungio kutafuta ule ukingo mkali unaoachwa na plastiki ya ovyo, sikuupata popote. Kulikuwa na utaratibu pia: lazima ukunje kreni kwanza ndipo kifua kifunguke, na ukitaka kulazimisha, kitu kinakukatalia kabla hujakivunja. Chini ya unyayo mmoja palichapwa kwa herufi ndogo kwamba kimetengenezwa Japani. Aliyekibuni, huko aliko, alikuwa amekaa chini akafikiria vidole vya mtoto. Mimi niliyekuwa nimeapa kutopendezwa na chochote kutoka Bukura nilipendezwa mno.

Na hilo ndilo lililonitia shaka. Kitu kizuri hivi mtu hampi mtoto wa mwenzake hivi hivi.

Siku hiyohiyo, akiondoka, nilijibanza nyuma ya pazia. Nikamsikia mama akiuliza kwa sauti ya chini, "Sasa nimwambie?"

"Hapana, usimwambie," akajibu. "Ataona tu mwenyewe."

Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi, na kwamba ni huyu aliyemchekesha kulinichoma kuliko maneno yenyewe. Usimwambie! Maneno hayo niliyafahamu vizuri. Ndiyo yaliyonipeleka Lugari.

Nikaanza kumchunguza yule mtu kupitia roboti lake, kwa kuwa yeye mwenyewe nisingeweza kumfungua. Niligundua mambo. Rangi ya kijani ilikuwa imechubuka kwenye kona mbili, tena mchubuko wa zamani, uliokwisha kulainika. Halikuja kwenye boksi lake, lilikuja kwenye katoni ya viatu. Na mabega hayakulingana. La kushoto lilikuwa na vijino na lililia kama magoti. La kulia lilikuwa kimya. Liliinuka taratibu, likasimama popote nilipoliacha, hata na uzito wote wa kreni, bila mlio. Nikabana kioo jichoni. Pini ya bega la kushoto ilikuwa na kichwa kinachong'aa, chenye vijistari vya kiwandani. Ya kulia ilikuwa na kichwa kilichofifia, kilichopondwa kwa nyundo ya mkono.

Nikaliweka jambo hilo moyoni, nikangoja.

Haikupita mwezi mama akaniambia, akikwepa macho yangu, kwamba Jumapili ijayo tutakuwa na wageni. Anko atakuja na dadake na mzee mmoja wa kanisa lao. Kwa upande wetu watakuwepo mjomba, na shangazi atatoka Lugari.

"Wanakuja kufanya nini?" nikauliza.

"Kula," akasema mama.

Mtu hatoki Lugari kuja kula. Nilijua maana yake, na maana yake ilikuwa Bukura: nyumba ya chuo, mashine ya mama ikifungwa kamba juu ya pikapu, meza ya baba ikiachiwa mpangaji mwingine au kupasuliwa kuni, na huyu wa ng'ombe akikaa kwenye kiti ambacho baba alikuwa amekiacha mwaka mmoja tu uliopita. Niliogopa. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye alishachelewa kuambiwa jambo moja kubwa, na nilikuwa nimeamua kwamba la pili halitanipita.

Jumamosi mama alipokwenda sokoni kununua kuku, niliitandika meza kitambaa, nikalaza roboti kifudifudi. Pini ile haikutoka kwa bisibisi. Ilinibidi nichukue tupa, nikisage kichwa chake hadi kiishe, kisha niigonge kwa tindo nyembamba ya baba. Ilitoka imepinda. Nikaiweka chini ya kioo na moyo ukanidunda kwa furaha. Ilikuwa spoki ya baiskeli! Imekatwa, ikachongwa ikawa nyembamba kwa kipimo cha tundu, ikalainishwa. Kati ya mkono na kifua kulikuwa na kiduara cha ngozi nyekundu, chembamba kama karatasi, ambacho ndicho kilichokuwa kikiushika mkono usianguke. Nilipokivuta kilichanika vipande viwili.

Moyoni nilikiri kwamba aliyefanya kazi ile alikuwa anajua kazi. Sikujiuliza alikuwa nani. Nilikuwa nimeshapata kesi yangu: kitu kilivunjika kikazibwazibwa, ni mtumba, na mtu anayemletea mtoto mtumba uliozibwa na kusema usimwambie, anaficha mengine makubwa. Zilibaki skurubu nne za kifua. Nilizitazama, nikaziacha. Nikaweka mkono, pini na ngozi ndani ya kifuniko cha rangi ya viatu, nikakificha chini ya mto wangu.

Jumapili walikuja baada ya kanisa. Dadake alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, na mzee wa kanisa alisifu kila kitu, hata dari. Shangazi alikaa wima kama shahidi. Mjomba alizungumzia mahindi. Yule mtu alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa, na kiti alichoonyeshwa kilikuwa cha baba.

Mama alikuwa amepika ingokho, kuku wa kienyeji, na ugali wetu wa obusuma. Sasa, kwetu firigisi ya kuku si nyama ya kugawagawa. Huwekwa kwenye sahani ya mwenye nyumba, juu kabisa, mahali ambapo kila mtu ataiona. Tangu baba afe mama alikuwa akiikatakata na kuipotezea kwenye mchuzi, mimi na yeye tukila tusiizungumzie. Jumapili ile nilipoingia jikoni nikaiona nzima, imekaa juu ya sahani moja.

"Mpelekee anko," mama akasema.

"Ni ya baba," nikasema.

"Mwana wanje, mwanangu," akasema polepole, "mpelekee."

Nilikwenda. Nikapitia chumbani kwanza. Nikaweka sahani mbele yake kwa adabu, goti likiwa limekunjwa kama inavyotakiwa, halafu kando ya sahani nikaweka roboti lisilo na mkono, na kando ya roboti kile kifuniko.

"Hii si kitu mpya," nikasema, kwa sauti ya kusomea darasa. "Ilivunjika bega, ikatengenezwa na spoki ya baiskeli na kipande cha kiatu. Alituletea mtumba akasema ni zawadi. Na alimwambia mama asiniambie. Niliwasikia."



"Wewe mtoto!" shangazi akasema. "Hukuwanga hivi!"

"Sisi tumekuja kwa heshima," dada wa yule mtu akasema, akigeukia mzee wa kanisa. "Kumbe hapa mgeni anafunguliwanga na bisibisi?"

Mwenyewe aliinama juu ya kifuniko, akaokota vipande viwili vya ngozi kwa ncha za vidole vyake vinene, akajaribu kuviunganisha, vikakataa. Nilimtazama usoni nikitafuta aibu ya mtu aliyekamatwa. Sikuiona, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Na kifua?" akaniuliza. "Kifua ulifungua?"

"Hakuna haja."

"Hukufungua."

"Hapana."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. "Basi," akasema, akarudisha ngozi ndani ya kifuniko, akaomba maji anawe mikono ambayo haikuwa imeshika chakula. Dadake alikuwa ameshasimama. Mjomba alijaribu kuwashika kwa maneno, mzee wa kanisa akaomba kwa ufupi mno, na viatu vikavaliwa. Mama alibaki mlangoni mwa jikoni akikamata fremu. Alimtazama yule mtu, naye akamtazama, wakaachana hivyo.

Nilifurahi. Lazima niseme ukweli. Kwa muda wa kuondoa sahani zile mezani nilifurahi sana, na firigisi nikaibeba ikiwa nzima kama nilivyoileta.

Mama hakunichapa. Nilitamani anichape, maana nilikuwa na majibu tayari. Shangazi alipokwenda uani na mjomba kuzungumza, mama alikuja kwenye meza ya baba, meza ambayo hakuwa ameigusa kwa sababu ya sheria yangu, akafungua droo ya pili, akatoa bisibisi ndogo bila kupapasa. Alijua ilipo. Akanipa, akaliweka roboti mbele yangu.

"Maliza," akasema. "Baba yako hakukufundisha kuachia kazi katikati."

Nikafungua skurubu nne. Nilizipanga kwenye meza kwa utaratibu, mikono ikiwa imeshaanza kujua kitu ambacho mimi bado sikukijua. Bamba la kifua likainuka. Upande wake wa ndani, kwenye chuma kijivu ambacho hakikupakwa rangi, palikuwa na mikwaruzo mitatu inayokutana. Unyayo wa kuku. Kando yake mwezi na mwaka. Ulikuwa mwezi tuliomzika.

Mikwaruzo haikuwa imenyooka kama yake ya siku zote. Mkono ulikuwa ukitetemeka.

"Kuna mzungu wa chuo alikuwa anarudi kwao," mama akasema. Alikuwa amekaa kwenye kibao changu. "Akauza vitu vyake. Huyu anko akanunua hiyo, imevunjika, juu alipenda tu vile imetengenezwa. Akaletea baba yako. Baba yako hakuwa anaendanga mjini tena. Alikuwa anakaa kwa kitanda na hiyo kitu, anafungua, anafunga, anacheka peke yake. Huyu alikuwa anakuja Jumamosi kukaa na yeye. Wanaongea tu hiyo. Vile magoti inalia, vile mkono wa kreni ni mzito. Hiyo ngozi baba yako alikata kwa mkanda wa saa yake mwenyewe. Hakufungua kitu ingine baada ya hiyo."

Nikaitazama ngozi iliyochanika. Mkanda wa saa! Nilikuwa nimebadilisha mikanda mingapi kwenye meza ile, nikaiita kipande cha kiatu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka. Yeye akakataa. Akasema mtoto wa fundi lazima atafungua tu. Akasema, wacha amkute baba yake huko ndani, wawe wawili, bila sisi."

Nililia, paji la uso likiwa juu ya meza. Mama alinishika kichwa, lakini hakuniambia kwamba haidhuru.

Tuliandika barua kwenda Bukura, moja yangu na moja ya mama. Yangu ilijibiwa, kwa mwandiko mzuri, kwamba hana kinyongo na nisiache kazi ya ufundi. Ya mama sijui kama ilijibiwa. Dadake alikuwa ameshaapa kwamba ndugu yake hataoa kwenye nyumba ile, shangazi naye akasema mtoto amenena kwa niaba ya marehemu, na mwaka uliofuata tukasikia yule mtu amehamishiwa kituo cha mbali. Sweta yake ilikuwa imekamilika isipokuwa mkono mmoja. Mama aliifumua jioni moja, uzi akautia kwenye sweta za shule, na hakupima tena kifua cha mwanamume mara nne.

Mimi nikawa fundi kweli. Natengeneza mashine za kushonea na za kufumia, na natia alama yangu kwa ndani. Roboti nimelitengeneza tena na tena. Nimelichongea pini za spoki, za sindano ya mashine, hata moja niliyochongesha Kisumu. Nimekata ngozi za mikanda ya saa za kila unene. Hakuna iliyoshika. Kipimo alichokipata yeye, mgonjwa, kitandani, mimi mwenye mikono mizima sikipati.

Linakaa juu ya kabati kwa mama, anayeishi bado Amalemba na amezeeka. Nikimtembelea humkuta wakati mwingine akilipangusa vumbi. Huwa anauinua ule mkono wa kulia hadi juu, anauachia, anautazama ukishuka. Halafu ananiuliza kama nimekula.